Naomba ushauri: utani wa R na L umezidi kundini

Wakuu, habari zenu. Mimi ni admini wa kundi la WhatsApp la mashabiki wa soka, wengi hatujawahi kuonana. Kuna ndugu yetu Msukuma, R na L zinamchanganya. Mwingine wa Tanga, kazi yake kusahihisha, ingawa mwenyewe huandika "xaxa" na "xana" bila aibu. Juzi Msukuma kaandika "lefa katuonea". Akajibiwa: "Refa! Rudi darasa la 3." Vicheko vikamwagika. Tangu hapo jamaa anasoma tu, haandiki, na ndiye mchambuzi wetu mzuri kuliko wote. Huyu wa Tanga ukimgusa anasema ni utani tu, wamezoeana. Nimfuate nani kwanza inbox? Au niwaache wamalizane wenyewe?