Kuzungumza na simu bila kuishika: je, dereva yuko salama?

Msafiri wa Kila Siku (swali)
Ndugu zangu, kazi yangu hunilazimu kuendesha gari karibu kutwa nzima, na wateja hunipigia nikiwa barabarani. Nimeacha kabisa kushika simu. Huipachika kwenye kishikio na kuzungumza kupitia spika za gari. Hata hivyo, juzi nikiwa katikati ya mazungumzo, nilikaribia mno kivuko cha waenda kwa miguu kabla ya kumtambua mama aliyekuwa tayari anavuka na mtoto wake, ilhali macho yangu yalikuwa mbele na mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Nilikanyaga breki kwa nguvu, gari likasimama hatua chache kutoka walipokuwa. Ikiwa sikuishika simu wala sikuitazama, ni nini kilichonipofusha?

Mwalimu wa Udereva
Pole sana, na ahsante kwa kulieleza jambo hili bila kulificha. Macho yako yalikuwa barabarani, lakini akili yako ilikuwa kwa mteja, na jicho peke yake halitambui kitu iwapo ubongo umeshughulishwa na jambo jingine. Utafiti wa Redelmeier na Tibshirani, uliochapishwa mwaka 1997 na kuwahusu madereva wa Toronto waliopata ajali, ulionyesha kwamba hatari ya kugongana huongezeka takriban mara 4 dereva anapotumia simu, na haukuona kwamba simu isiyoshikwa mkononi ina usalama zaidi. Sheria za nchi nyingi hukataza kuishika simu tu, na naamini hapo ndipo madereva wengi, wakiwemo waangalifu kama wewe, hudhani kwamba kilichoruhusiwa hakina madhara.

Mkongwe wa Barabara
Zamani nilikuwa nikibisha nikisema: mbona tunazungumza na abiria na hakuna anayetukataza? Tofauti nimeiona mwenyewe. Abiria aliyeketi kando yangu huiona barabara niionayo mimi. Tukifika penye msongamano hunyamaza bila kuombwa, na pengine hunionyesha hatari kabla sijaiona. Anayenipigia simu hajui kwamba lori limenikatia njia mbele, hivyo huendelea kudai jibu papo hapo.

Fundi wa Magari
Naomba tusiisahau skrini ya kugusa. Kitufe cha zamani dereva alikipapasa akakipata bila kuangalia, lakini kwenye skrini hana budi kutazama, hata kama anataka kupunguza baridi tu. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, gari hupita mita 25 kila sekunde. Anayeangalia skrini kwa sekunde 4 amekwenda mita 100 bila kuiona njia. Ramani ipangwe kabla ya kuwasha injini, na anayehitaji kuibadilisha aegeshe kwanza.

Msafiri wa Kila Siku
Nimewaelewa, na nawashukuru nyote. Nimeiweka simu iwajibu wapigaji kwa ujumbe kwamba ninaendesha gari na nitawapigia nikisimama, kisha nimeitia ndani ya mkoba kwenye kiti cha nyuma, kwa kuwa najua ikiwa karibu nitaigusa. Mteja mmoja amekwisha kulalamika kwamba nachelewa kumjibu. Nimemsimulia habari ya yule mama na mtoto wake.