MEMKWA au aanze darasa la pili? Mtoto ana miaka 13 (ulinganisho)

Mjomba_Ziwani
Habari za jioni wanajukwaa. Nina mpwa wangu wa miaka 13, yuko kwangu Mwanza tangu mwezi wa tatu. Amekulia kambi za wavuvi huko Ukerewe na shule aliishia darasa la kwanza. Mtajie bei ya sado moja ya dagaa, umwambie unataka saba, atakupa jumla kabla hujatoa simu mfukoni. Mpe kalamu sasa: jina lake lina herufi nane, anaandika tatu anasimama.

Shule ya msingi ya hapa jirani ni kubwa, mitihani wanafaulu karibu wote. Mwalimu mkuu kasema wanampokea, ila ataanza darasa la pili. Shule nyingine ya serikali, mwendo wa nusu saa kwa miguu, ina darasa la MEMKWA (Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa) lenye watoto 19. Nilipouliza matokeo nikaambiwa mwaka jana 9 walifanya upimaji wa darasa la nne, wakafaulu 6. Mke wangu anasema jibu liko wazi, ni shule kubwa. Mimi moyo unasita.

Mwl_Mstaafu
Mkuu, kwanza angalia idadi. Kwenye watahiniwa 9, mmoja akiamka na malaria siku ya mtihani, asilimia 11 imeondoka. Kwenye watahiniwa 200, mmoja ni nusu asilimia. Huwezi kuziweka hizo mbili kwenye mzani mmoja.

Halafu uliza hao 9 ni akina nani. Nimefundisha MEMKWA. Mwaka mmoja nilikuwa na wachunga ng'ombe wawili, mabinti watatu waliotoka kazi za ndani, kijana aliyekuwa anamuuguza bibi yake, na mtoto mwenye usikivu hafifu ambaye shule aliyotoka walimwita mvivu. Wengi wao KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) ilikuwa bado. Mtoto wa namna hiyo akivuka upimaji wa darasa la nne baada ya miaka miwili au mitatu, katembea safari ndefu kuliko aliyeanzia awali akiwa na vitabu nyumbani. Na ule ufaulu wa shule kubwa ni wa waliofika chumba cha mtihani. Walioacha njiani hawamo.

Mpango huu ulianza 1999 kwa majaribio katika wilaya tano, Kisarawe na Ngara zikiwemo. Mpwa wako yuko ukingoni: kundi la kwanza linaishia miaka 13, hao hufanya mtihani wa darasa la nne kisha wakaingia la tano na wenzao. Kuanzia 14 hadi 18 ni kundi la pili, wanaandaliwa kwa mtihani wa kumaliza msingi. Usichelewe.

Mama_Zuwena
Mwalimu nakuheshimu, lakini tusimpambie. Wa kwangu alisoma MEMKWA mkoa mwingine. Mwezeshaji alikuwa wa kujitolea, posho ilipokatika akaondoka, watoto wakakaa mwezi mzima wakifagia uwanja. Mjomba, nenda siku ambayo hawakutegemei. Uliza mwalimu kaajiriwa au anajitolea, na wanasoma saa ngapi kwa siku. Daftari la mahudhurio litakwambia mengi kuliko matokeo.

Kidato_Usiku
Mimi nilirudishwa darasa la pili nikiwa na miaka 12. Magoti hayakuingia chini ya dawati, nikawa nakaa upande. Niliacha wiki ya tatu. Masomo yalikuwa yananiingia. Kilichonishinda ni kunyoosha mkono kuomba ruhusa ya chooni mbele ya watoto ambao kijijini nilikuwa nawabeba mgongoni. MEMKWA ndiyo iliyonirudisha, nikaingia la tano. Sare hawakunidai.

Dada_Igoma
Samahani kuingilia. Mdogo wangu ana miaka 17, alipata mtoto akiwa kidato cha pili. Na yeye ni MEMKWA?

Mwl_Mstaafu
Hapana mwanangu, MEMKWA ni ya msingi. Tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi sekondari ya kawaida, nenda naye kwa mkuu wa shule. Kama mtoto bado ananyonya, uliza vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima: atafanya Mtihani wa Maarifa, tunaouita QT, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Namba ya kituo chake cha mtihani itaanza na P, ya watahiniwa wa kujitegemea, badala ya S ya shule. Mtihani wa kidato cha nne ni uleule.

Mjomba_Ziwani
Mrejesho. Nimekwenda leo bila kuaga. Kati ya 19 walikuwepo 14. Mwalimu mmoja kaajiriwa, anasaidiwa na binti wa kujitolea. Watano ambao hawakuwepo mwalimu alinitajia mmoja mmoja: wawili wako mnadani na ng'ombe, mmoja anaumwa, wawili hajui, kesho anawafuata nyumbani.

Mpwa wangu akapewa chaki. Akaandika herufi tatu, akasimama. Msichana mkubwa wa benchi la mbele akainuka, akaandika zilizobaki, akazifuta zote kwa kiganja, akamrudishia chaki. Mara ya pili alifika ya sita. Jumatatu anaanza, na mke wangu ndiye amemnunulia madaftari.