Vipimo vyote vimetoka sawa lakini mwili bado unaniambia naumwa, kuna aliyepitia hii?

Kijana_wa_Langoni

Asalam aleikum jamani. Mimi ni kijana wa miaka 24, niko Lamu, kazi yangu iko gesti moja huko Shela, na saa hii ni saa nane usiku naandika manake usingizi umekataa kabisa. Naomba mnisome mpaka mwisho.

Baada ya Maulidi tulifiwa na binamu yangu, miaka 27, alianguka uwanjani akicheza mpira na hakuamka tena. Tukamzika siku hiyohiyo. Wiki mbili baadaye nimekaa barazani tu baada ya isha, moyo ukaanza kwenda mbio ghafla, kifua kikabana, vidole vya mikono yote miwili vikaingia ganzi kama sindano sindano, nikajua basi ni zamu yangu. Nikakimbizwa hospitali. Presha sawa, damu sawa, kile kipimo cha moyo cha kubandikwa nyaya kifuani sawa, nikaambiwa nenda nyumbani kapumzike.

Nikatulia siku mbili. Ya tatu ikaja mpya, koo kama lina donge, nameza mate halishuki. Mara kope ya kushoto inacheza yenyewe, mara msuli wa mguu, mara kichwa kama nimefungwa kitambaa kikakazwa, tumbo nalo linaendesha kila asubuhi kabla ya kazi. Kila dalili naitafuta Google na kila nikitafuta naishia kwenye kansa au ugonjwa wa neva. Nikagusa kitezi kidogo shingoni nikawa nakibonyeza kutwa nzima mpaka sasa kinauma. Nimenunua kile kidude cha kubana kidole kinachosoma oksijeni na mapigo, nakivaa hata mara arubaini kwa siku, usiku kinalala chini ya mto. Hata kwenye sala, mkono wa kulia uko juu ya wa kushoto na kidole kishautafuta mshipa, nahesabu mapigo mpaka sijui niko rakaa ya ngapi.

Na kitu kinachonichanganya zaidi, nikibeba masanduku ya wageni ngazi zote mpaka ghorofa ya tatu sisikii chochote. Nikilala tu ndio yanaanza.

Je inawezekana mwili uumwe hivi na hakuna ugonjwa? Au kuna kitu hawajakiona? Nafikiria kukopa pesa niende Mombasa nipigwe picha mwili mzima.

nahodha_mdogo

Pole sana bro, umeandika maisha yangu ya mwaka juzi. Mimi huvusha abiria Mokowe na boti, na yangu yalinianza katikati ya maji nikiwa na watu kumi na wawili nyuma yangu. Mikono ikafa ganzi kwenye usukani, mdomo ukakauka, nikaona mato yanafifia nikasema hapa nitazamisha watoto wa watu. Nikafika gatini salama, lakini tangu siku ile kila nikikaribia pale pahali moyo unaanza wenyewe kabla sijawaza lolote.

Nikuulize, unatafuna muguka, ile miraa ya majani, au unakunywa kahawa ngapi? Mimi nilikuwa natafuna jioni na vikombe sita saba vya kahawa tungu barazani, halafu nashangaa kwa nini moyo unadunda usiku. Muguka na miraa vinapandisha mapigo na presha, hiyo nimeambiwa na daktari mbele yangu. Nilipoacha hayakwisha yote lakini nusu nzima iliondoka.

Umm_Zahra

Mwanangu pole. Usidharau jicho, kijana mzima anafanya kazi na wageni watu wanamuangalia. Mwambie mamako akutafutie mwalimu akusomee, na kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa sahanini, unywe asubuhi. Na ayatul kursi kabla ya kulala usiache.

Sista_wa_zamu

Waaleikum salaam mdogo wangu. Mimi ni muuguzi, miaka kumi na moja sasa, na vijana kama wewe nawaona kila wiki, wasichana kwa wavulana. Umm Zahra dua hatuikatai hata kidogo, asomewe, lakini asomewe huku anaelewa mwili wake unafanya nini.

Jibu la swali lako ni ndiyo, inawezekana, na wala huigizi. Hizo dalili ni za kweli. Mwili ukihisi hatari unamwaga adrenalini, na adrenalini haiulizi kama hatari ni simba au ni fikra yako ya saa nane usiku. Moyo unaongeza mwendo, misuli inakaza (ndio hicho kitambaa kichwani na huko kubana kwa kifua), utumbo unavurugika manake una neva nyingi sana na unazungumza na ubongo muda wote. Halafu unaanza kupumua harakaharaka bila kujijua, unatoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa, ikipungua kwenye damu mishipa ya kichwani inajibana kidogo unapata kizunguzungu, na vidole na pembeni mwa midomo vinaingia zile sindano. Umesema mikono YOTE miwili, na hiyo ganzi ya pumzi mara nyingi ndivyo inavyokuja.

Donge la koo jiulize, wali unapita? Kama chakula na maji vinapita bila shida na donge unalisikia ukimeza mate tu, hiyo ni misuli ya koo imekaza, na kadiri unavyomeza kujaribu ndivyo inavyozidi kukaza. Kope na mguu kucheza ni uchovu, kukosa usingizi, kahawa. Na kitezi mdogo wangu ukikibonyeza kutwa lazima kiume, hata shavu ukilifinya siku nzima litavimba. Kiache wiki mbili mkono usikiguse. Kitezi cha kukipeleka kwa daktari ni kile kigumu, hakisogei, kinazidi kukua.

Sasa hiyo habari ya masanduku umeipitia haraka na kwangu ndiyo kubwa. Maumivu ya moyo wenyewe kwa kawaida yanakuja ukifanya kazi nzito na yanapungua ukipumzika. Yako yanafanya kinyume.

Lakini nisikilize hapa vizuri. Binamu yako alikufa ghafla, kijana, akiwa mchezoni. Hilo ulimwambia daktari? Kama hukumwambia rudi ukamwambie. Kuna magonjwa ya misuli ya moyo yanayotembea kwenye familia, na kifo cha namna hiyo ni sababu ya ndugu wa damu kuangaliwa, kwanza wazazi wake na ndugu zake wa tumbo moja, kisha daktari ataona kama nawe unahitaji ile picha ya moyo ya echo. Ni kipimo kimoja chenye sababu. Picha ya mwili mzima kwa pesa ya mkopo haina sababu, na itakutafutia vijidoa visivyo na maana vya kukukosesha usingizi mwaka mwingine.

Na hizi usizingojee asubuhi: kuzimia, hasa ukiwa unakimbia au kufanya kazi, kifua kuuma kwa kazi na maumivu kwenda mkononi au tayani, kutema damu, upande mmoja wa mwili kulegea. Kukonda bila sababu na homa isiyokwisha pia nenda kaonekane.

piko_na_hina

Mimi nina kisa cha hicho kidude. Nilikuwa na miaka 21, harusi ya dadangu, nimepaka piko, ile rangi nyeusi ya maua ya mikononi, mpaka kucha. Usiku nikahisi siwezi kupumua nikaweka kidude kidoleni kikasoma 88, nikalia nyumba nzima ikaamka, tukapita vichochoroni na vazi la harusi usiku wa manane. Kufika tu muuguzi akatazama vidole vyangu, akakihamishia sikioni, 99. Piko nyeusi inazuia ile taa isipite sawasawa. Siku ile nilifurahi, lakini wiki iliyofuata nilishasahau 99 nikawa naikumbuka ile 88 peke yake. Namba nzuri hazikai kichwani kwetu sisi wa hofu hii, nataka ujue hauko peke yako kwenye hilo.

Kijana_wa_Langoni

Walahi nimesoma yote mara mbili nikalia. Muguka situmii, kahawa ndio, nyingi. Sista habari ya binamu sikumwambia daktari, niliogopa hata kuitamka. Wali unapita. Lakini sasa nikiacha kujipima na siku hiyo ndio kweli? Nikijizuia saa moja tu nasikia kama nitapasuka.

Mtoto_wa_chuoni

Sheikh nina la kusema hapo. Wewe na mimi tumekua tunaona watu wa waswasi kwenye udhu, mtu anaosha mkono mara tatu, anarudia, saba, kumi, maji ya birika yanaisha, imamu na jamaa washatoa salamu ya kumaliza sala, yeye bado yuko kwenye viwiko. Yule walimu wetu wanamwambiaje? Hawamwambii osha zaidi upate uhakika. Wanamwambia umeosha mara tatu inatosha, ingia msikitini na shaka yako, yakini haiondolewi na shaka. Na anaingia na shaka inamuuma, siku za kwanza anahisi sala yake yote imeharibika. Lakini akirudi birikani kila mara ataishi birikani. Nilikuwa huyo mtu miaka miwili nzima, naapa. Kidude chako ndio birika langu. Ulishapimwa, hiyo ndiyo yakini yako, kamalize na hilo la echo kama daktari akisema, kisha uingie na shaka yako.

Sista_wa_zamu

Mtoto wa chuoni umenifundisha maneno ya kuwaambia wagonjwa wangu.

Kijana, ndivyo tiba yenyewe inavyokwenda. Usikitupe kidude leo ukapasuka kweli. Mpe mamako akikalie, ukikitaka ngoja dakika kumi kwanza, kesho ngoja ishirini. Mshtuko ule mkali unafika kileleni kwa takriban dakika kumi halafu unashuka wenyewe, hata usipofanya lolote. Pumzi itoe polepole kuliko unavyoivuta, vuta kwa hesabu ya nne toa kwa sita, kwa pua. Google usiku ifunge. Kazini usipande boti, tembea kwa miguu ufuate bahari mpaka Shela, moyo utaongezeka mwendo njiani na utarudi chini wenyewe ukikaa, acha uone hilo kwa mwili wako badala ya kuambiwa na mimi.

Na kama baada ya wiki kadhaa bado maisha yamefungwa hivi, omba kuonana na mtu wa afya ya akili, si aibu. Iko tiba ya mazungumzo ambayo inasaidia sana hofu hii, na ziko dawa kama sertraline ambazo zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi, wala si za kukulaza. Hofu hii ya ugonjwa zamani waliiita haipokondria, mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ukaliacha jina hilo, sababu mojawapo ni kwamba lilikuwa limegeuka tusi. Asikuambie mtu unajifanya.

Na jambo la mwisho, umemlilia binamu yako? Hujaandika hata neno moja jinsi alivyokuwa.

Kijana_wa_Langoni

Narudi baada ya wiki tano, samahanini kimya. Nilimwambia daktari habari yote, akaniandikia echo, nimeipiga, moyo uko sawa. Kubwa zaidi mdogo wake marehemu naye amekwenda kuangaliwa, mamake alikuwa hataki kusikia, nikamsomea maneno ya sista akanyamaza kisha akasema mpelekeni. Bado tunangoja majibu yake, mtuombee.

Kidude anacho mama kwenye kasha lake la leso. Wiki ya kwanza nilikiomba kila siku, ya pili mara tatu, wiki hii sijakiomba. Kahawa kikombe kimoja asubuhi. Natembea Shela kwenda na kurudi. Usiku wa Jumatano yalinijia tena yote, vidole, kifua, nikakaa ukingoni mwa kitanda nikatazama saa, dakika kumi na nne yakashuka, nikalala.

Sista uliniuliza alivyokuwa. Alikuwa golikipa, mrefu, ananiita mzee ilhali yeye ndiye mkubwa. Nimekwenda kaburini Ijumaa na mdogo wake, mara ya kwanza tangu tumzike.

Kope ya kushoto inacheza hata sasa naandika. Nimeiacha icheze.