Eti "sensa ya noki ni ya waoga"! Huyu wa mafaili ya dakika kumi atatumalizia injini

#1 BoksaNne
Wakuu, simtaji. Mnamjua. Yule fundi wa mafaili (programu za kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini), wa "lete gari, dakika kumi tu, unaondoka na farasi 80 za ziada". Leo kaulizwa swali la adabu kabisa: mkuu, mbona kwenye faili lako marekebisho ya noki (mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda, injini inagonga) yanasoma sifuri tupu kuanzia mizunguko 2,500 kwa dakika mpaka mwisho? Hakuleta logi (rekodi ya vipimo vya injini). Hakuleta hoja. Kajibu mbele ya kundi zima: "Sensa ya noki ni ya waoga."

YA WAOGA!

Kwa hiyo waliounda EJ25 ya turbo, injini ya Subaru, wakaifunga ile sensa juu ya bloku, walikuwa wanatetemeka magoti? Pistoni za ile injini zina kingo za ringi zinazokatika kama chaki. Wewe unapandisha busti (presha ya turbo) mpaka bar 1.4, unasogeza cheche mbele (ziwake mapema) digrii nne, halafu unaziba sikio pekee la kontrol boksi, kisha mwoga ni mimi?

Asiyejua anaangalia logi anashangilia, "safi kabisa, haina noki hata moja". Itakuwaje na noki wakati hakuna anayesikiliza? Faili la kiwandani likisikia noki linarudisha cheche nyuma, hatua ya kama digrii 1.4. Noki ikiendelea, kizidishi cha adivansi (namba inayoamua cheche ziwahishwe kiasi gani) kinashuka chini ya 1.0, gari linakuwa zito, na wewe unajua kuna jambo: oktani ndogo, hewa ya moto, nozo ya kunyunyizia mafuta imeziba. Kwa faili lake kizidishi kinakaa 1.0 milele, hata injini iwe inalia kama mashine iliyomeza kokoto. Utajua siku moshi wa bluu umefunika mtaa kama wanapuliza dawa ya mbu.

Na faili lenyewe ukilifungua ni aibu. Vizingiti vya noki (kiwango cha kelele kinachohesabiwa kuwa noki) vimepandishwa mpaka juu kabisa, silinda zote nne. Kodi za hitilafu ya sensa ya noki, P0327 na P0328, zimefutwa ili taa ya cheki injini isiwake. Jedwali la mafuta halijaguswa: lamda (uwiano wa hewa na mafuta) 0.85 kwenye mzigo kamili, yaani hewa 12.5 kwa mafuta 1, kwa busti hiyo na oktani 95! Hapo panatakiwa 11.0 hadi 11.5. Angalau angeweka mafuta ya kupoza kabla ya kuja kutuita waoga.

Waoga. Mbele ya watu wote. Waoga!

#2 Nozo850
Mtoa mada vuta pumzi, "waoga" umeiandika mpaka imeniingia ndotoni. Sensa nayo hudanganyika. Silinda ya mm 99.5 noki yake inalia karibu na kHz 5.8. Ukifunga pistoni za foji (zilizofuliwa) zenye nafasi kubwa, zikiwa baridi zinagonga kuta za silinda, na sensa inaweza kudhani ni noki. Bati la joto la eksozi likilegea, hivyo hivyo. Hapo kupandisha kizingiti ni halali.

Kosa lake kubwa kwangu ni nozo. Kwenye mizunguko 7,000 mzunguko mzima wa injini ni milisekunde 17.1. Logi ya faili lake inaonyesha nozo imefunguka milisekunde 16. Hiyo ni asilimia 93! Ukipita 85 huna akiba: siku ya baridi hewa inakuwa nzito, mafuta hayatoshi, mchanganyiko unakuwa mkavu palepale kwenye busti kamili. Nozo kubwa kwanza, pampu ya lita 255 kwa saa, ndipo uongee busti.

#3 BoksaNne
Mkuu, kupandisha kizingiti si kuzima! Unapandisha pale tu penye kelele ya uongo, kidogo kidogo, huku unasikiliza bloku kwa hedifoni kuhakikisha noki ya kweli haipo. Tena kabla ya hapo unaangalia sensa yenyewe: boliti ya M8 ya sensa bapa inakazwa Nm 20, kwenye chuma kisafi, bila washa (kile kipete cha boliti). Ikilegea haisikii, ikikazwa kupita kiasi inasoma vibaya. Yeye kafanya lipi? Kasema ni ya waoga!

#4 CheniYaTaimingi
Huyo huyo anaandika faili gari likiwa na volti 11.8, bila pawa saplai. Swichi iko on, feni ya rejeta inaanza, volti inaporomoka, uandishi unakatika katikati. Kontrol boksi inageuka tofali, na mwenye gari anaambiwa "ilikuwa mbovu toka mwanzo". Pawa saplai tulivu ya volti 13.5, ampea 30 au zaidi. Zima taa, redio, AC. Laptopu isilale. Soma faili la kiwandani ulihifadhi sehemu mbili KABLA ya kuandika chochote.

#5 EksoziWazi
Hayo yote madogo. Wanaoniudhi ni wa "niwekee milio". Wanarudisha cheche nyuma mno mguu ukitoka kwenye pedeli, wanaacha nozo zimwage, mafuta yanaungulia kwenye eksozi. Katalisti (kisafisha moshi cha eksozi) inayeyuka ndani na blade za turbo zinapigwa joto lisilo lao. Gari la farasi 150 linalia kama vita vimeanza, likipitwa na daladala.

#6 LogiKwanza
Na wewe EksoziWazi na dampu valvu yako (ya kuachia presha ya turbo) inayotoa hewa nje? Gari lina sensa ya kupima hewa mlangoni! Hewa imeshahesabiwa, mafuta yake yameshamwagwa, halafu unaitupa nje. Kila ukibadilisha gia mchanganyiko unalowa, moshi mweusi, na ukisimama kwenye taa injini inazima. Irudishe kwenye bomba, baada ya sensa, kama ilivyotoka kiwandani.

#7 EksoziWazi
Mimi natumia sensa ya presha, sensa ya hewa nimeitoa. Soma kwanza, ndipo ubishe.

#8 LogiKwanza
Kama jedwali la ujazo wa silinda (hewa inayoingia) umelinakili kwa jirani mwenye kamshafti tofauti, bado ni kubahatisha. Logi ya waidibendi (sensa ya eksozi inayopima mchanganyiko wa hewa na mafuta) iko wapi?

#9 BoksaNne
Jamani, uzi ni wa SENSA YA NOKI. Mtu katuita waoga!

#10 Nozo850
Waidibendi ifungwe mbali na turbo, baada yake, imeinama digrii 10 au zaidi juu ya mlalo ili maji yasiiue. Wengi wanaifunga chini ya bomba halafu wanalaumu faili.

#11 PlagiBaridi
Samahani wakuu, busti ya 1.4, plagi niweke nafasi ngapi? Kwa sasa ni milimita 1.1 na injini inakosa moto kwenye mizunguko 5,500.

#12 CheniYaTaimingi
0.7. Plagi iwe baridi (inayotoa joto haraka) hatua moja kuliko ya kiwandani. Pima zote nne kwa fila geji (vibamba vya kupimia nafasi), usiamini ilivyotoka kwenye boksi.

#13 EksoziWazi
0.75 inatosha kama koili ni nzima.

#14 CheniYaTaimingi
Koili zake umeziona wapi?