Eko mbili za mamangu, majibu mawili: nani amekosea?

FundiKibuye
Wakubwa hamjambo. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kibuye, Kisumu, mambo ya hospitali nayajua kwa kulazimishwa tu. Mamangu ana miaka 61. Tangu Januari miguu ilikuwa inavimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki kama kwenye unga wa chapati. Mishipa ya shingo nayo ilicheza hadi mtoto wangu akauliza nyanya amemeza nini.

Akapigwa eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Karatasi ikasema vali ya trikaspidi, ile ya upande wa kulia wa moyo, inavuja vibaya sana. Akaanzishwa Lasix, dawa ya kukojoa maji yaliyozidi mwilini. Wiki tano baadaye tukaenda kwingine, eko tena, safari hii inavuja wastani. Nimelipa mara mbili na karatasi zinagombana. Kinachoninyima usingizi zaidi: kasi ya mvujo ya kwanza ni 3.2, ya pili 3.4. Kama mvujo umepungua, kasi imepandaje? Kuna mashine mbovu hapo?

KaziniBusia
Mpe maji ya kitunguu saumu asubuhi kabla ya kula.

MpigaEko_Nakuru
Kitunguu tuachie mboga. Fundi, usimlaumu mtu bado. Mimi nashinda na jeli mikononi kila siku, na kisa kama chako nakiona sana. Mvujo hauna saizi moja kama kola. Mwili ukijaa maji, upande wa kulia wa moyo unatanuka, pete ya vali nayo inatanuka, na vile vipande vitatu vya vali havifikiani tena katikati. Maji yakikojolewa, vinakaribiana. Nipe namba: upana wa mvujo pale unapopenya kwenye vali, na ule mshipa mkubwa unaotoka tumboni.

FundiKibuye
Ya kwanza: mm 8, mshipa sm 2.6, "haunywei akivuta pumzi". Ya pili: mm 5, mshipa sm 1.9, "unanywea kidogo".

MpigaEko_Nakuru
Basi. Kuanzia mm 7 tunauita mkali, 5 ni wastani. Kila mmoja ameandika alichokiona siku hiyo.

Sasa hiyo kasi. Kasi si ukubwa wa mvujo. Umewaona vijana wanaoosha magari? Wakibana mdomo wa mpira kwa kidole, maji yanaruka mbali, lakini ndoo haijai haraka. Kasi inatuonyesha tofauti ya presha kati ya chumba cha chini na cha juu, upande wa kulia wa moyo. Unaizidisha kwa yenyewe, halafu mara 4. Hiyo 3.2 inakupa 41. Mshipa ukinenepa na kukataa kunywea, presha ya chumba cha juu tunaikadiria 15. Jumla 56. Ya pili: 3.4 inakupa 46, na kwa mshipa wa namna hiyo tunaongeza 8. Jumla 54.

Umeona? Karatasi hazigombani kabisa. Maji yamepungua, lakini presha ya kuelekea mapafuni iko palepale. Nikikuta hivyo trikaspidi naiacha kidogo, nageukia kushoto. Wameandika nini kuhusu mitrali, vali ya upande huo?

FundiKibuye
Zote mbili zimeandika imebana, sm² 1.2. Nikadhani ni jambo dogo kwa vile halikupigiwa mstari.

MpigaEko_Nakuru
Chini ya 1.5 si dogo. Damu inarundikana nyuma ya hapo, mapafu yanabeba, kisha upande wa kulia unalemewa. Trikaspidi inavuja kwa kosa la jirani. Muulize daktari wa moyo kuhusu mitrali kwanza. Na pete ya trikaspidi ina mm ngapi? Wakifungua kifua kwa ajili ya vali ya kushoto, pete ikiwa 40 au zaidi mara nyingi huikaza papo hapo, hata mvujo ukiwa wastani.

NyarAhero
Mitrali yangu ilibana hivyohivyo. Ilianza na koo nikiwa darasa la tano, magoti yakavimba, nyumbani wakasema ni kukua. Kumbe ni ugonjwa wa koo uliofika hadi kwenye vali. Sasa nadungwa penisilini kila wiki nne usirudi, makalio yangu ndiyo mashahidi. Fundi, mbebeeni karatasi zote mbili, msiache ile "mbaya" nyumbani.

FundiKibuye
Pete 43. Nimeziandika zote kwenye kadi ya vipimo, ile ya kiuno na mabega: mitrali 1.2, pete 43, mshipa, presha 56 na 54. Kliniki ni Jumanne. Mama ameiona kadi akauliza anashonewa nini.