Mjadala: Ndugu wa mgonjwa wa skizofrenia wapimwe macho kabla ya ndoa?

Wapo wanaosema hivi: vijana wetu wanahimizwa kupima selimundu kabla ya harusi, na wataalamu wamegundua kwamba macho ya wenye skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, hayasogei sawasawa, tena hali hiyo hurithiwa. Basi familia yenye mgonjwa ipimwe macho au jeni kabla ya kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Napinga, na ninapinga kwa sayansi hiyohiyo.

Ugunduzi wenyewe ni wa kweli. Diefendorf na Dodge waliuandika Marekani mwaka 1908. Mgonjwa akifuata kwa macho kitu kinachokwenda polepole, macho hubaki nyuma, kisha huruka kukifikia. Akiambiwa atazame upande usio na taa, mara nyingi macho humponyoka yakaenda kwenye taa. Miaka ya 1970 Philip Holzman na wenzake wakaikuta kasoro ya kufuata kwa karibu nusu ya ndugu wa karibu ambao hawaumwi kabisa.

Hapo ndipo hoja inapoanguka. Mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa takriban asilimia 10 wa kuugua. Kipimo kikinasa karibu nusu ya ndugu, wengi wa watakaoambiwa wana kasoro hawataugua maisha yao yote. Tena pombe, uchovu na baadhi ya dawa huvuruga macho vilevile. Kwa mtafiti anayefuatilia njia za jeni ndani ya ubongo, alama hii ni hazina. Kwa senga, yaani shangazi, anayechagua mkwe, haina kazi.

Selimundu ni jeni moja: wazazi wote wawili wakiwa AS, yaani kila mmoja amebeba nakala moja ya jeni hiyo bila kuumwa, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Skizofrenia si hivyo. Utafiti mkubwa wa 2022 ulitaja maeneo 287 ya jenomu, yaani jumla ya jeni za mtu, kila moja likichangia kidogo mno, na sampuli nyingi zilitoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Ndiyo sababu mradi wa utafiti wa jeni wa NeuroGAP-Psychosis umekusanya mate ya watu Uganda, Kenya, Ethiopia na Afrika Kusini. Hata pacha wa kufanana, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake hubaki mzima.

Linaloniuma zaidi ni hili. Familia ikijua kwamba ugonjwa wa kaka utavunja ndoa ya dada, nani atampeleka kaka Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili Uganda? Atafichwa chumba cha nyuma, atazungushwa kwenye maombi na kwa waganga, na kila mwezi bila dawa unamzidishia hatari. Wakwe wana haki ya kuuliza, sikatai. Waulize kama mgonjwa anatibiwa na nani anamtunza.

Mnaounga mkono kipimo, nijibuni: binti mzima ambaye macho yake yanachelewa kidogo mtamwambia nini, na majibu yake atayatunza nani?