Bonanza la watoto Igombe: tulitarajia sitini, wakaja zaidi ya mia mbili

dada_wa_Igombe

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo. Naomba mawazo ya waliowahi kuandaa siku ya michezo ya watoto mtaani, hasa huku kwetu kandokando ya ziwa.

Tuko vijana tisa wa kujitolea hapa Igombe, Ilemela, Mwanza. Mwezi uliopita tulifanya bonanza letu la kwanza kwenye kiwanja kilicho juu kidogo ya mwalo, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Barua kwa mwenyekiti wa mtaa tulipeleka, spika tuliazima, mama mmoja akajitolea kupika uji, na zawadi za madaftari na penseli tukanunua. Hesabu yetu ilikuwa watoto sitini. Kufika saa nne walishapita mia mbili, na spika bado inaita.

Uji uliisha foleni haijafika nusu. Hilo ningelisahau. Lakini saa sita kasoro alikuja mama anamtafuta mwanawe wa miaka minne, na kati yetu hakuna aliyejua kama huyo mtoto aliwahi hata kuingia kiwanjani. Tukazima muziki, tukatawanyika kutafuta. Dakika arobaini. Tulimkuta mwaloni, kwenye kivuli cha mtumbwi uliopandishwa juu ya magogo, anaokota dagaa waliodondoka mchangani na kuwapanga mmoja mmoja kwenye kiganja. Mzima kabisa. Mama yake hakunigombeza. Alimbeba mgongoni akaondoka, na mimi mpaka leo nikipita pale kwenye mitumbwi miguu inalegea.

Tunataka kurudia, ila safari hii kwa kujua tunachofanya. Watoto wanaokuja peke yao mnawahesabuje? Na wazazi mnawapataje? Siku ile walifika wanne tu.

kijana_Kirumba

Pole sana dada. Sisi kosa letu lilikuwa hilohilo la spika. Ukiwasha muziki kabla ya kuandikisha umeshapoteza siku. Zungushia kiwanja kamba, acha mlango mmoja, weka meza na daftari pale, na muziki usilie mpaka foleni iishe.

mwalimu_mstaafu_Mabatini

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza, wengi yakiwapata hayo huacha kabisa.

Nianze na wazazi. Nimefundisha miaka mingi shule za mwambao, na nakuambia hawakukataa kuja. Mlifanya siku za giza, usiku mwezi hauonekani, sivyo? Kwenye giza mitumbwi inalala ziwani na taa, alfajiri dagaa wanashushwa, na kina mama wananunua kwa ndoo na kuanika mpaka jua lipungue. Ukimwita mama aache dagaa juani aje kutazama mbio za magunia, umemwambia aache chakula cha wiki. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa vizuri, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, na mama yuko nyumbani. Wengi hupenda tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, ya kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto wa 1976. Ni siku njema. Ila kwa watu wa mwaloni tarehe inatazamwa angani.

Kuhesabu sasa. Mko tisa. Mmoja akae mlangoni, wanane wawe wawiliwawili, kila wawili watoto ishirini. Hao ni themanini, na ndio uwezo wenu. Waiteni kwa mabalozi wa nyumba kumi, si kwa spika, nusu ya nyumba Jumamosi hii na nusu inayofuata. Mtoto akipita mlangoni mfungeni mkononi kipande cha kitambaa cha rangi ya kundi lake. Mafundi cherehani wana mabaki tele na hawauzi. Daftarini msiandike jina analoitwa shuleni peke yake. Mtoto wa miaka minne ukimuuliza jina huenda akakujibu "Babu", kwa kuwa amerithi la babu yake na ndivyo anavyoitwa. Andikeni anavyoitwa kwao, nyumba ya nani, na nani atakuja kumchukua. Kila mchezo ukiisha kundi likae chini, lihesabiwe.

Michezo ya kukaa mahali pamoja ndiyo yenu: rede, mdako, kuvuta kamba, ndimu kwenye kijiko. Kombolela naipenda mno, lakini msiicheze kule. Ni mchezo wa kujificha, na mafichoni kwenyewe ni mitumbwini.

La mwisho, na hili linaniuma. Tazameni wasichana wa miaka minane, tisa, wanaokuja na mdogo wao mgongoni. Wanasimama pembeni mpaka jioni na mtu anawahesabu kuwa wamehudhuria. Tandikeni mikeka miwili chini ya mti, kaeni na kina mama wawili wanaofahamika, watoto wachanga walazwe pale, dada zao wakimbie.

nesi_Buhongwa

Naongeza kidogo. Mtoto akichoka na jua atakimbilia ziwani, na saa za jua kali ndipo vimelea vya kichocho vinapotoka kwa wingi kwenye konokono. Wekeni ndoo za maji ya bomba na sabuni, wanawe mikono na kujimwagia hapohapo kiwanjani. Kila kijana awe na namba 116 kwenye simu, ya huduma ya simu kwa mtoto, ni bure, mkiona mtoto ana dalili za kuteswa. Na picha zao msirushe mitandaoni bila ruhusa ya mzazi.

dada_wa_Igombe

Asanteni sana, mwalimu Mungu akuweke. Nimemuuliza baba mdogo, yeye ni mvuvi wa dagaa, akacheka akasema kweli ile wiki ilikuwa giza, yeye mwenyewe hakulala nyumbani hata siku moja. Amenihesabia usiku kwa vidole, tumepata Jumamosi yetu.

Kwa fundi nimeshapita, nimerudi na mfuko wa vitambaa: njano, bluu, nyekundu na kijani. Leo usiku tunakata.

Na huyo binti mwenye mtoto mgongoni, mwalimu, alikuwepo. Nimemkumbuka nilipokusoma. Gauni la shule, kamba mkononi, anashangilia wenzake wakivutana. Najua nyumba yao, ni jirani na kisima. Kesho naanzia kwao.